Hadithi za Mchana

Nimerudisha ufunguo wa ofisi, nimepewa saa ya ukutani na kipande cha keki, na sasa ninyi vijana wa idara mnataka niwaandikie mambo ya zamani. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili, kama panya wameacha kitu. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyokaribia kuiharibu kazi hii kabla sijaianza, katika shamba la kahawa huko Ruiru, miaka ya hamsini ilipokuwa imevuka nusu. Mmenisikia nikiisimulia darasani. Darasani nilikuwa nikijipendelea kidogo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwenye shahada ya kwanza kutoka chuo cha Uganda, nikapata nafasi ya kusomea isimu na fasihi linganishi katika chuo kikuu kimoja Uingereza. Sikulala vizuri wiki nzima kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza, profesa aliyepewa kunisimamia, bwana mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, hakuniuliza hata habari ya safari. Aliweka sahani ya santuri yenye lugha nisiyoijua hata neno moja, akaniambia niandike. Nikaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wetu ule wa misheni, kila herufi imesimama wima. Akausoma, akaurudisha.

"Umeandika ulichotarajia," akasema. "Sasa andika ulichosikia."

Nilifurahi mno! Sikujua kwamba mtu anaweza kulipwa maishani kwa kusikiliza tu. Mwaka ule nilikaa mbele ya kioo nikitazama ulimi wangu unakogusa, nikitoa sauti za kila aina, hadi mama mwenye nyumba akaniletea dawa ya kifua. Niliinywa ili kulinda amani.

Mwisho wa mwaka nilitumwa nyumbani kukusanya hadithi. Wazo lilikuwa langu, na hadi leo nalipenda. Katika shamba moja la kahawa walikaa watu wa lugha nne au tano, katika laini moja ya nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta. Je, hadithi zao zilikuwa zikibadilika kwa ujirani huo? Ningekusanya kwa miezi minane, nitume sura moja ya utafiti, kisha kamati ya chuo ingekaa mwezi wa sita. Ikinikubali, nitarudi kumaliza udaktari. Ikinikataa, nitarudi darasa la nne kusahihisha imla. Hakukuwa na njia ya tatu, na sikuwa nimemwona mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kuupita mlango huo.

Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, boksi la viatu lililojaa kadi, penseli za kuchonga kwa wembe, na tepurekoda ya chuo. Ninyi mnaobeba kinasa sauti mfukoni mwa shati, nisikilizeni: hiyo yangu ilikuwa na uzito wa mwanakondoo aliyeshiba, na betri zake ziliisha kila unapozihitaji. Nilipanga chumba Majengo, Thika. Kila asubuhi niliifunga ile mashine kwenye keria kwa mpira wa tairi, nikaendesha hadi Ruiru, nikipita sehemu zile ambazo siku hizi mnashuka Witeithie na kununua nyanya. Shamba lenyewe lilikuwa upande ule ambako leo pana mageti na mtaa wenu wa Membley. Wakati huo palikuwa na mibuni tu, mistari kwa mistari, na vumbi jekundu lililoingia hata kwenye kadi.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mkikuyu bila pasi alikuwa hatembei, watu wakikusanyika askari anauliza kuna nini, na ikifika jioni kila mtu awe ndani, kwa sababu ya kafyu. Kwa hiyo kazi yangu yote niliifanya mchana, saa ya chakula, wanawake wanapopumzika kutoka kuchambua kahawa. Nililiona jambo hilo kuwa ni usumbufu wa kawaida. Kumbe ndilo lililobeba kila kitu.

Wasimulizi wangu wakuu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Cucu Nyambura (cucu kwetu ni bibi), mjane wa Kikuyu aliyechambua kahawa mbaya kutoka kwa nzuri bila kuitazama, vidole vyake vikienda huku macho yakikusoma wewe. Wa pili ni Mama Kageha, Mmaragoli kutoka magharibi, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye kinu cha kahawa. Mume wake alikuwa kwenye mashine za mkonge Thika, akija Jumapili. Mabibi hao wawili walikuwa wamechuma na kuchambua bega kwa bega miaka minane, wakiongea Kiswahili chao cha shambani, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Nilipowaomba hadithi mara ya kwanza, waliangaliana.

"Sasa hivi?" akauliza Cucu Nyambura.

"Sasa hivi, Cucu. Mashine iko tayari."

"Na jua hivi?"

"Jua haliisumbui mashine."

Mama Kageha akacheka hadi akashika ubavu. "Haya, Cucu, mpe. Kijana ya watu imetoka mbali."

Nilidhani ni haya ya mashine. Ndugu zangu, wanawake wawili wakiangaliana kabla ya kukujibu, weka penseli chini uulize upya.

Wakanipa. Wiki hadi wiki walinipa hadithi, na wenzao wakanipa, nami nikaandika kila pumzi kama nilivyofundishwa. Lakini kila hadithi ilikatika. Fisi na sungura wanalima shamba moja, wanavuna, wanajaza ghala, wanaanza kushukiana. Fisi anaingia ghalani kuhesabu, mlango unafungwa nyuma yake, na basi.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini?" akasema Cucu Nyambura. "Wakakaa hivyo."

Mama Kageha naye hivyo hivyo: msichana anavuka mto, anafika katikati, maji yanajaa, na basi. Nikaenda kwa Wakamba, nikaenda kwa Wajaluo wa kinuni. Hadithi zote zilikatikia pale moyo unaporuka.

Sasa, mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na elimu, kwa hiyo nikabuni nadharia. Nikaandika kwamba maisha ya shambani yamezikata hadithi mkia. Kwamba mtu anayeishi kwa kandarasi, asiyejua kama mwezi ujao atakuwa hapa au amerudishwa kwao, hawezi tena kuona mwisho wa jambo, na hadithi zake zimejifunza kuishi hivyo. Sura hiyo niliipa jina "Hadithi Zisizo na Mwisho". Niliiandika nikitembea huku na huku chumbani, nikijisomea kwa sauti, jirani akinigongea ukuta. Nilijiona mkubwa sana.

Mtaniuliza, wewe ni Mkikuyu, hukujua? Sikujua. Wazazi wangu walikuwa wa misheni tangu ujana wao. Ngano za wazee kwetu zilihesabiwa pamoja na pombe na ngoma. Bibi yangu alikufa kabla sijapata meno. Hadithi nilizokua nazo zilitoka kwenye Biblia, na hizo zilisomwa asubuhi, mchana na jioni bila ubaguzi.

Mwezi wa nne ikaja barua ya profesa. Nilisimama posta ya Thika nikiisoma mara tatu. Sura yangu, alisema, ni jambo jipya kabisa. Ataisoma yeye mwenyewe mbele ya kamati mwezi wa sita, na kwa maoni yake nafasi yangu ya udaktari ni kama imeshapatikana. Nilinunua mkate wa siagi na soda, nikala nimesimama, nikicheka peke yangu mbele ya watu. Huo ndio utamu niliouonja kwa siku tisa.

Siku ya kumi mvua kubwa ilitukuta shambani. Masika ya Ruiru mnayajua, lakini ile ilikuja na wingu jeusi lililokaa juu ya paa kama kifuniko cha sufuria. Tulikimbilia stoo ya kahawa, wachumaji na wachambuaji, labda watu ishirini, karibu wote Wakikuyu, nyapara akafunga milango ili magunia yasilowe. Ndani huoni mkono wako. Mashine nilikuwa nimeiacha Thika, betri zimekufa. Nikakaa juu ya gunia nikisikiliza mvua kwenye mabati.

Ndipo sauti ya Cucu Nyambura ikapaa gizani, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ya msichana karibu.

"Ugai itha!"

"Itha!" wakaitikia wote kwa pamoja, ndio wito wa kufungulia hadithi, nikashtuka nusura nianguke.

Akaanza. Fisi na sungura, shamba, mavuno, ghala. Nilikuwa nayo neno kwa neno kwenye kadi. Fisi akaingia, mlango ukafungwa, nikangoja aseme "wakakaa hivyo". Hakusema. Aliendelea! Kulikuwa na wimbo, wenzake wakaudaka, kulikuwa na mambo ndani ya ghala lile ambayo nusu yake sikuyadhania, watu wakipiga makofi, wakipiga kelele za kumwonya fisi, na hadithi ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho ulio mwisho hasa, watu wakashusha pumzi pamoja.

Mvua ilipopungua na mlango kufunguliwa, nilimfuata hadi kwenye meza yake ya kuchambulia.

"Cucu, kumbe ina mwisho!"

"Kuna hadithi haina mwisho?"

"Mbona hukunipa?"

Akanitazama kama mtu anayetazama sahani iliyooshwa vibaya. "Mwana wakwa, ulikuja na jua kichwani. Nani anamaliza hadithi mchana? Ili mbuzi zipotee malishoni? Ulitaka maneno, nikakupa maneno. Nilisema huyu amesoma, anajua ya kwamba ile ya mchana ni ya kupitisha kazi tu."

"Hata kwetu ni hivyo," akasema Mama Kageha, aliyekuwa amejikinga mvua kinuni. "Mchana unaanza, unaachia njiani. Sisi nilifikiri wewe iko na mtu ya kukumalizia nyumbani."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale kwenye matope. Sura yangu bora, jambo jipya kabisa, ilikuwa ni watu wenye adabu wakikataa kuvunja mwiko kwa ajili ya mgeni. Na profesa alikuwa amebakiza wiki tano aisimamie mbele ya kamati.

Sitajifanya malaika. Siku tatu nilikaa na wazo la kunyamaza. Nani angejua? Kamati haikuwa na Mkikuyu wala Mmaragoli. Lakini pamoja na aibu kulikuwa na kitu kingine kilichonisumbua zaidi, nacho kilikuwa furaha. Nilikuwa nimesikia hadithi nzima! Nilitaka kuzisikia zote. Mtu mwenye njaa hawezi kukaa akitetea sahani tupu.

Usiku haukuwezekana, kafyu ilikuwa pale pale. Lakini mvua ilikuwa imenifundisha jambo, nikaenda kumuuliza mwenyewe. "Cucu, kama stoo imefungwa mchana, na ndani ni giza, ni mchana au ni usiku?"

Akachambua punje kama kumi za kahawa kabla ya kujibu. "Giza ni giza," akasema. "Mbuzi haina saa."

Nikaenda kwa meneja, mzungu mwenye uso uliochomwa na jua, aliyekuwa akinivumilia kwa sababu nilibeba barua ya chuo. Nikamwomba tuzibe madirisha ya stoo kwa magunia, saa ya chakula, watu ishirini ndani.

"Wewe nataka weka Kikuyu ishirini ndani ya giza," akasema polepole, "na funga mlango. Shamba yangu. Wewe iko wazimu?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka ule, watu gizani nyuma ya mlango uliofungwa maana yake ilikuwa moja tu, kiapo cha Mau Mau, na wangeweza kukamatwa wote pamoja nami na mashine yangu. Nikamweleza mambo ya fisi na sungura. Nadhani kilichomshinda ni kwamba hakuna mtu anayeweza kubuni uongo wa kijinga kiasi hicho. Akakubali kwa sharti: askari wake akae ndani na rungu, na akisikia neno lolote baya apige filimbi.

Askari huyo alikuwa Mkamba aitwaye Mutua, mtu wa kimya, mwenye masharubu. Alikaa mlangoni, rungu magotini. Madirisha yakazibwa, betri zikawa mpya, Cucu Nyambura akaita, watu wakaitikia, na mimi nikageuza kifundo cha mashine kwa kupapasa. Hadithi, kwa Kiswahili ili wote wafuate, ikafika ghalani, ikapita, ikafika mwisho.

Kisha Mama Kageha: "Hapana! Cucu, hapana! Si hivyo inaisha!"

"Inaisha vipi?"

"Fisi hawezi kufanya hivyo! Miaka yote hii wewe unaniambia hii hadithi mezani, mimi najua yangu ni sawa na yako!"

"Toa yako basi, tuione."

Akatoa yake, kwa Kiswahili, wimbo akauimba kwa kwao, na ule mwisho ulikwenda njia nyingine kabisa. Watu wakaanza kubishana gizani, wengine wanacheka, wengine wamekasirika kweli kweli. Na mlangoni, Bwana Mutua akasimama, rungu likaanguka sakafuni.

"Nyinyi wote ni waongo," akasema kwa uchungu. "Sungura kwetu hata hakuwa nje ya ghala. Ngojeni niwaambie."

Filimbi haikupigwa siku hiyo. Nilikuwa nikitokwa na machozi ya kucheka, nikishukuru giza. Kwa maana nilikuwa nimeona. Miaka minane wanawake hawa walikuwa wamepeana hadithi mezani mchana, kwa Kiswahili, nusu nusu. Jioni kila mtu alirudi nyumbani kwake, mlango ukafungwa, na mwisho ukatolewa kwa lugha ya mama. Mianzo ilikuwa imesafiri shamba zima hadi ikafanana. Miisho haikuwahi kutoka nje ya nyumba. Hilo ndilo lililokuwa jambo jipya, na lilikuwa zuri mara kumi kuliko uongo wangu.

Miisho yenyewe siiandiki hapa. Sijui mnasoma saa ngapi.

Nilimwambia Cucu Nyambura kwamba nitaandika yote nipeleke Uingereza kwa haraka, kuokoa nafasi yangu. Akakunja uso.

"Barua inafunguliwa saa ngapi huko?"

"Asubuhi, Cucu. Saa za ofisi."

"Basi mwisho usiende na barua. Wewe umeusikia gizani, wapelekee wewe mwenyewe gizani. Niahidi."

Nilijaribu kumweleza kuwa bila miisho sina ushahidi. Kamati itaona mtu anayeikana sura yake nzuri na hana cha kuweka mahali pake, isipokuwa ahadi aliyompa mwanamke mmoja wa Ruiru. Alinisikiliza kwa subira hadi nikamaliza. Kisha akaendelea kungoja. Nikaahidi.

Barua ile niliiandika mara sita. Nilisema sura ni ya uongo, nikaeleza kwa nini, nikaeleza stoo na giza na ubishi, nikaandika mwanzo wa hadithi ya fisi kwa wasimulizi wote watatu, na mlango wa ghala ulipofungwa nikaweka nukta. Nikaomba isisomwe sura ya kwanza mbele ya kamati. Nikaipeleka posta kwa miguu.

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukaja na baridi yake, posta kimya. Nilianza kuulizia shule zenye nafasi ya darasa la nne. Jibu lilikuja mwezi wa nane, ukurasa mmoja. Profesa alikuwa ameisoma barua yangu yote kwa kamati, neno kwa neno. Alipofika penye nukta alikunja karatasi. Mzee mmoja wa kamati, mkali sana, ambaye hakuwahi kumpitisha mtu kwa furaha, aliuliza fisi alifanyaje. Profesa akasema hajui. Wakabishana hadi chai ikapoa, kila mmoja akiwa na mwisho wake. Kisha wakapiga kura. "Nafasi yako ipo," aliandika. "Njoo mwezi wa Desemba. Huku siku hizo saa kumi alasiri giza limeshaingia."

Nilipiga ukelele mle posta hadi karani akatoka nyuma ya dirisha lake. Baiskeli sikuihisi hadi Ruiru. Cucu Nyambura alikuwa mezani, nikamsomea barua yote nikiigeuza Kikuyu, mara mbili, Mama Kageha akipiga vigelegele na Bwana Mutua akijifanya anachunga mlango.

Cucu akaniuliza swali moja tu, kama hao wazee wa kamati wanajua kuitikia.

Nikamwambia hawajui, lakini nitawafundisha. Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo kazi niliyoifanya hadi mwezi uliopita.